Sisimizi Mwenye Miguu Minane

Keshero, Goma

Kahindo, mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wako umepoa? Na kahawa, imechanua? Mimi moyo umechoka; dokta amenikataza hata ngazi za baraza. Mwanao Lucie alinifikishia ujumbe wako kwamba umekwisha kunifyekea nafasi pale Butembo, kati ya Baba na Mama, ili nikifa nisilazwe mbali na watu wangu. Asante, dada. Lakini soma barua hii yote kwanza, ndipo uamue.

Jumatatu mkamwana wangu Charline alikuwa akipalilia maharagwe kwenye ule udongo kidogo tuliomwaga juu ya mawe ya volkano. Akaniita nikaone sisimizi anayemwangalia mutu. Nilimjibu kwamba sisimizi hawana tabia hiyo. Akacheka, akasema pengine ni wale wa ndani ya vitabu vya papa, ndivyo anavyoniita mimi baba mkwe wake.

Niliinama na kioo changu cha kukuzia. Walikuwa msafara mzima juu ya jani, weusi, viuno vyembamba, vipapasio vikicheza. Mmoja akageuka, akanikazia macho mawili makubwa kama taa za gari. Nilipomgusa kwa unyasi aliruka, akabaki ananing'inia kwenye uzi.

Sisimizi hatoi uzi! Nikamhesabu miguu: minane. Vile nilivyoviita vipapasio ni miguu yake ya mbele, ameiinua na kuitikisa kama wenzake. Alikuwa buibui, wa wale wanaoruka. Nimefundisha biolojia shuleni kule Kiwanja hadi nikazeeka, na wote kama yeye nilikuwa nawaita sisimizi.

Nilimweleza Charline kwamba buibui huyo hakuja kuwawinda sisimizi. Ndege na nyigu huwaogopa sisimizi, kwa hiyo yeye huiga mwendo wao apate kuishi. Charline akauliza: siku wakimujua, watamufukuza?

Niliketi palepale juu ya mawe. Alidhani ni moyo, akakimbilia maji.

Kahindo, kaa chini. Unajua kwetu Wanande jina ni nafasi ya kuzaliwa, na kijana wa pili ni Kambale. Kambale aliyezaliwa na Mama alikufa kwa surua safarini, pale Kalengera, wewe ukiwa bado tumboni. Mama akamzika huko. Kando ya barabara ileile alinikuta mimi, wa umri uleule, peke yangu, nikilia kwa Kinyarwanda. Alinifunga mgongoni kwa kitenge cha marehemu, akanipa na jina lake, ili nafasi isibaki wazi. Baba alijua. Alisema nyumba yake haina mgeni, na neno hilo lisirudiwe. Nikajifunza Kinande upesi, hata ile namna ya Baba ya kukohoa kabla ya kusema. Mama alinisimulia haya alipokaribia kufa. Mengine niliyakumbuka mwenyewe, nikijidanganya kuwa ni ndoto.

Ile nafasi uliyoifyeka ni ya mtoto aliyelala Kalengera. Ukiona bado ni yangu, nitakuja. Ukiona sivyo, Charline atanizika hapa, wala sitakulaumu.

Wasalimu wanao, wajukuu, na wote wanaouliza habari zangu kanisani. Swali la Charline sijalijibu. Nimekuachia wewe.

Kaka yako,
Kambale,
aliyezaliwa akiitwa Niyitegeka