Jina Langu Ndani, Mimi Getini

Jumatatu, 3 Machi
Makontena mengi ya kuachia yatoke leo, bandari imejaa. Meneja, Bwana Naidoo, katukusanya ofisini kutuonyesha mfanyakazi mpya: programu ya akili mnemba. Itasoma barua pepe za wateja na kupanga malori. Asubuhi hiyo hiyo imefunguliwa milango yote ya kompyuta.

Mimi nilipoanza hapa nilileta kibali cha ukimbizi, picha, hadi barua ya mchungaji. Na mpaka leo, kibali kikiisha muda nafungiwa nje hadi nilete kipya. Hii mashine haina kibali. Haina hata mchungaji. Nimekereka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekuta barua pepe zimetumwa kwa wateja kwa jina langu. Kiingereza kimepigwa pasi. Sikuziandika.

Nimemuuliza fundi wa kompyuta. Anasema mashine inatumia akaunti yangu, kwa sababu mimi nina ruhusa ya kuachia makontena. Kuifungulia ya kwake ni mpaka makao makuu Johannesburg wakubali, na meneja ana haraka. Alinieleza huku anatafuna.

Habari ya kuazimana jina tunaijua sana sisi. Laini ya simu ya mdogo wangu imesajiliwa kwa jina langu, karatasi zake zilikataliwa. Lakini mdogo wangu alikuja nyumbani na soda, akakaa, akaniomba. Hawa hawakuniomba.

Jumanne, 11 Machi
Kibali kimeisha jana. Niliomba kipya mapema, jibu halijaja. Kadi yangu ya geti imekufa.

Mlinzi ni Papa Kasongo, wa Lubumbashi. Kajaribu kadi tena na tena, anaipangusa kwenye suruali. "Mama Neema, iko nakataa. Minafanya je sasa?" Hana la kufanya. Kanipa kiti chake.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda tena getini, labda meneja atanihurumia. Hakutoka. Nimekaa na Papa Kasongo mpaka mchana, tumekula mkate wake, nikarudi nyumbani. Binti yangu Neema kauliza mbona nimewahi. Nimemdanganya, nikaona aibu.

Ijumaa, 14 Machi
Kibali kimefika kwenye simu. Nimerudi kazini nikiwa na furaha, furaha yenyewe haikufika chai ya saa nne.

Kontena lililojaa friji za mteja wa Pinetown limechukuliwa Jumatano na lori lisilo lake. Friji hazijulikani ziliko. Jina la aliyeliachia: Furaha. Mimi.

Naidoo kaniita na kunipa barua ya kikao cha nidhamu. Kuna neno wizi humo ndani. Nikipatikana na hatia kazi imekwenda, na likifika polisi, kibali nacho kitafuata. Ninaandika nikikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Si woga. Ni hasira.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikusikia neno hata moja. Anajua. Naidoo anajua kabisa kwamba Jumatano nilikuwa nje. Dirisha lake linatazama geti.

Jumatatu, 17 Machi
Kikao. Naidoo, fundi, na mama mmoja wa makao makuu kwenye skrini.

Niliuliza swali moja tu. Kama nilifungiwa tangu Jumanne, Jumatano nani aliingia kwa jina langu?

Fundi akaanza kukagua kucha zake. Mwisho kasema: walifunga kadi ya geti na kompyuta yangu, akaunti wakaiacha wazi. Wangeifunga, mashine ingesimama. Jumatano ilipokea barua pepe ya mtu aliyejifanya mteja, anasema lori limebadilika. Ikaamini.

Kwa hiyo kibali cha Furaha kikiisha, Furaha mwenyewe ni hatari, atolewe nje. Jina lake halina neno, libaki ndani lifanye kazi. Nimewaambia hivyo hivyo, kwa Kiingereza changu kibovu, na sauti ilipanda. Naidoo kasema nitulie. Sikutulia. Mama wa makao makuu akamwomba yeye ndiye anyamaze.

Jioni nimemsimulia Papa Kasongo. "Eish. Weye uko hapa na miye tunakula mkate, jina yako iko mule inatumika. Banakufanya mubaya, mama."

Alhamisi, 20 Machi
Barua imefutwa. Friji hazijapatikana. Hakuna aliyeniomba radhi. Naidoo kanisalimia mara mbili asubuhi moja, labda ndiyo hesabu yake ya radhi. Siitaki.

Ijumaa, 28 Machi
Mashine imepewa akaunti yake. Amri mpya ya Johannesburg: kila akaunti, ya mtu au ya mashine, iwe na mwenye kuisimamia na tarehe ya kuisha. Hii ya mashine wamenipa mimi niisimamie.

Fundi alikaa pembeni yangu tukijaza fomu yake. Kwenye tarehe kasema niweke mbali, miaka kumi, tusisumbuke. Nikafungua simu, nikatazama kibali changu kinaisha lini, nikaandika tarehe hiyo.

Kaangalia. Kasema siku hiyo kazi yote itasimama.

Nikamwambia najua.

Nimerudi na taxi ya mapema. Neema kalala kwenye kochi na sare za shule. Sombe, kisamvu chetu, iko jikoni, inachemka polepole.