Kompyuta Tatu na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Imefika! Fundi redio kaileta mwenyewe kwa mkokoteni, akaitua mlangoni, akanitazama kwa huruma. Kompyuta ya tatu hii. Nzito kama jiwe la kusagia, rangi ya meno ya mvuta sigara, skrini ndogo kama dirisha la choo. Ukiiwasha inawaza kwanza. Halafu maandishi ya kijani yanatokeza kwenye weusi, kila herufi imejengwa kwa vidoto vya mraba. Nimekaa mbele yake nacheka peke yangu.

Mume wangu kasimama mlangoni, kauliza kama huyu naye ni maiti au mgonjwa. Chumba hiki anakiita mochari. Nimemwambia mimi ni mbunifu, macho ndiyo jembe langu, na hapa ndipo ninapolinolea. Akasema vizuri, noa tu, ila mama anakuja kesho, na chumba cha wageni ni hikihiki.

Kesho! Na anasema leo.

Jumanne, 5 Machi

Nilipanga kupanga chumba. Nikafungua mtandao "dakika moja tu".

Kuna mtu anakusanya milio ya kompyuta za zamani zinapowashwa. Milio tu. Mwingine kakusanya vile vipicha vya pipa la taka vilivyowahi kuchorwa kwenye skrini — mapipa ya kila aina, mengine yamevimba, mengine yana mfuniko. Nimeyatazama yote. Atakayesema nilikuwa nacheza aje achore pipa kwa vidoto vichache likaeleweka.

Mchana nimeosha kibodi ya ile kompyuta ya jana. Vifuniko vyote vya vitufe nimeving'oa, nikaviloweka kwenye beseni kwa sabuni ya mteja wangu. (Ana kiwanda kidogo, anataka lebo mpya, "nyembamba, ya kisasa". Kila mtu siku hizi anataka nyembamba.) Kisha nimevirudisha kimoja kimoja nikifuata picha niliyoiokota mtandaoni. Picha nzuri hiyo, mwanga unaingia kutoka ubavuni!

Mama mkwe kaingia jioni. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Amekuja kutusalimia tu, hana shida yoyote, kasema hivyo mara mbili. Nimemwomba radhi kwa chumba. Akapapasa kitanda, akaketi katikati ya mashine zangu, akasema pana nafasi ya kutosha. Mume wangu kanikonyeza. Nimefaulu mtihani wa kwanza.

Alhamisi, 7 Machi

Kibodi imerogwa. Naandika "mama" — inatoka ;q;q. Naandika "sabuni" — sqbuni.

Nimepeleka kilio kwenye jukwaa la wapenzi wa mashine za kale. Yule anayejiita Babu Waya kasema chipu imekufa. Mwingine kasema ni nyaya, nifungue yote. Wa tatu kaniombea dua. Nimeazima chuma cha kulehemu kwa fundi redio, kaniuliza bima ya moto ninayo.

Nimemwonyesha mama lebo ya sabuni. Herufi nyembamba, kijivu juu ya krimu. Kaishika, kaitazama mno, kasema, nzuri sana mwanangu, herufi zimetulia. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu! Labda ndiyo adabu ya wakwe: unasifu kwanza, unageuza baadaye. Lakini nimefurahi. Katika ndoa yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia kuwa herufi zangu zimetulia.

Ijumaa, 8 Machi

Chai imemwagika mezani. Mama kasema kikombe kilisogezwa. Hakuna aliyekisogeza.

Mteja wa sabuni hajaijibu lebo niliyomtumia.

Jumapili, 10 Machi

Ngoja niandike yote.

Mume wangu alikwenda kutazama mpira. Mimi chumbani na bisibisi, tayari kuipasua kibodi. Mama kitandani, akauliza nahangaika na nini. Nikamweleza. Akasema, "Hebu sogea."

Kumbe! Miaka yote naambiwa mama "alikuwa ofisini". Hakuna aliyeniambia alikuwa mpiga chapa, na kwamba mwishoni waliletewa kompyuta za namna hii. Kaweka vidole. Mgongo ukanyooka. Akapiga — na skrini ikaandika: *Kwa heshima na taadhima, tumepokea maombi yako.* Hamna kosa hata moja.

Nikamuuliza kafanyaje. Akasema, "Kwani wewe vitufe huvioni? Mimi naviona vyote." Na kwa kuwa hawezi kuacha kufundisha, akaanza kunionyesha. "Hii hapa A." Kidole kilikuwa juu ya Q. "Hii M." Kidole kilikuwa juu ya alama ya mkato.

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Halafu nikaifungua tena ile picha yangu nzuri, na aibu ikanipanda hadi masikioni: ni kibodi ya nchi nyingine, wanakopanga herufi kivyao! Nimevika mashine yangu nguo za jirani, kisha nikaenda kuilalamikia kwa Babu Waya. Chipu haijafa. Ilikuwa inaandika herufi yake halali kila nilipoibonyeza. Nikacheka zaidi.

Kisha kicheko kikaniishia. Maana mtu anayeviona vitufe vyote angeiona Q.

"Mama," nikamwambia, "hapo ulipoweka kidole pameandikwa Q."

Kidole akakiondoa polepole, mikono akaificha ndani ya kanga.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Ni kama mtu kanishushia chandarua, kisha kila wiki anaongeza kingine."

Kwake anajua kila kitu kilipo, kwa mkono. Hapa kwetu ndipo anapogonga meza. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema bintiye, wifi yangu, akijua tu, nyumba ya mama itafungwa, naye atawekwa chumba cha nyuma atazame ukuta. "Na ukuta wenyewe siuoni," akaongeza, akacheka. Mimi sikuweza.

"Usimwambie mwanangu."

Nikaitika. Kwa nini niliitika?

Jumatatu, 11 Machi

Nimelala na mtu nisiyemwambia kitu. Asubuhi kaniuliza mbona nimepoa. Nimemwambia ni mteja wa sabuni. Maskini mteja, anabeba dhambi zisizo zake.

Mama simwogopi tena, namwogopea. Nimemwambia kwa upole kuwa huenda ni mtoto wa jicho, kitu kinachotibika, twende kliniki. Kasema atakwenda "siku moja". Methali ninayo kabisa, imekaa kwenye ulimi: mficha uchi hazai. Lakini hiyo utamwambiaje mama mkwe?

Nikimwambia mume wangu, mama hataniamini tena maisha. Nisipomwambia, chandarua kinaongezeka. Na yeye ndiye mwanawe, si mimi.

Vitufe nimevipanga upya. "Mama" sasa inatoka mama.

Jumanne, 12 Machi

Mtandao leo umenilipa!

Nilikuwa natafuta hili nikakuta lile, kama kawaida. Mtu mmoja kaweka programu fupi ya kizamani, ya mabango ya dukani: inachukua herufi moja na kuijaza skrini nzima, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Nene! Kila kidoto kimekuwa tofali. Nimeiandika mstari kwa mstari, mashine ikanikatalia, nikarekebisha, ikakubali kwa kununa.

Nikashusha mapazia, chumba kikawa giza mchana kweupe. Nikamsogeza mama hadi pua ikakaribia kioo. Nilikuwa nimeandika neno moja tu. Akaanza kuguna. "S," akasema. Ikaja inayofuata. "H." Herufi zikapita, kijani kizito juu ya weusi, naye midomo inacheza. Akafika mwisho. Akakunja uso, akaunganisha.

"Shikamoo," akasoma. Na kabla hajajizuia akaijibu: "Marahaba."

Tumecheka hadi akalia. Au alilia hadi tukacheka, sijui kilichoanza. Kasema alidhani kusoma kumeshamuaga. Mashine ikarudia neno, akalisoma tena. Mara ya tatu nikataka kuizima, akanikamata mkono, akasema niiache.

Baadaye, kama anauliza bei ya nyanya: "Huyo daktari wa macho, yuko mbali?"

Nimeirudia lebo ya sabuni. Herufi nene, nyeusi tii. Nimemtumia mteja bila maelezo. Kajibu mara moja: si aliyoiomba, lakini anaitaka.

Alhamisi, 14 Machi

Benchi la kliniki ya macho. Naandika nyuma ya mchoro wa sabuni. Mama kando yangu, kavaa viatu vya harusi na kujipaka manukato, "daktari asidhani tumetoka porini".

Daktari keshamwona. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hutolewa, kasema, hakuna maajabu. Kuna mgonjwa wa leo hakutokea, kwa hiyo jicho la kulia linaweza kufanywa mchana huu. Vinginevyo arudi mwezi ujao. Mama kaomba afikiri kidogo. Sasa anafikiri. Anazungusha pete yake kidoleni tu.

Mwezi ujao hatarudi. Namjua. Mwezi ujao atakuwa kwake, anapapasa kuta, na akitupigia simu atasema hajambo.

Mume wangu kaandika: mko wapi, nimekuta nyumba imefungwa.

Nimeandika "sokoni". Nimefuta. Nimeandika "kwa fundi". Nimefuta. Nimechoka kufuta.

Sasa anapiga. Nimemwambia mama, ni yeye, nami uongo umeniishia. Sikumwambia kwa ukali. Kwa ukali kidogo.

Mama kanyoosha mkono. Umekwenda kando, umeshika hewa. Nimemwekea simu kiganjani, nikamfungia vidole juu yake.

"Baba," anamwambia, "niko na mkeo, hospitali ya macho. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemfunga mdomo." Anasikiliza. "Hapana. Hapana, nisikilize kwanza." Kavuta pumzi. "Sioni, baba. Siku nyingi sioni."

Nasikia sauti ya mume wangu, ndogo, kama ya mtoto, lakini maneno siyapati.

Muuguzi kafungua mlango, anauliza kama tuko tayari. Mama bado ana simu sikioni. Anaanza kuinuka. Mkono wake wa pili unanitafuta kwenye benchi, ngoja niweke kalamu.