Nyayo Zisizopokelewa

Lusahunga, 12 Novemba 1978

Mwanangu Methusela,

Hujambo huko jeshini? Sisi wazima, ila mama yako Kwandu kifua kinambana. Mimi nina miaka sabini na mitatu, nimemaliza Mjerumani na Mwingereza, na ile nyumba waliyoibomoa tuhamie kijiji cha ujamaa nayo imeniacha hai.

Jana dukani kwa Kazimili redio imesema Umoja wa Nchi Huru za Afrika unatuma watu watupatanishe na nduli aliyetuvamia. Mwizi yumo zizini, wao wanauliza tuligombania nini! Kwetu yowe likipigwa mtu hushika mkuki kwanza. Asiyetoka hutozwa mbuzi.

Mfukuzeni.

Baba yako,
Bulugu

Mpakani, 3 Januari 1979

Baba, shikamoo.

Mama amepata nafuu? Mimi mzima, viatu tu vimeoza. Ardhi yetu tumeikomboa, tumesimama mpakani. Afande anasema Umoja una sheria, mpaka wa mtu hauvukwi. Ng'ambo wanatupiga mizinga. Wewe ungefanyaje?

Mwanao,
Methusela

Lusahunga, 16 Januari 1979

Mwanangu, marahaba.

Ungeniuliza mapema. Ng'ombe wa Shibuda walipoibwa nilitangulia mimi, vijana wakihema nyuma. Nyayo zikatufikisha mpaka wa kijiji cha Nyakisasa. Nikawaita wenyeji: "Nyayo hizi, zipokeeni." Wakazipokea, wakazipeleka kijiji cha mbele. Kijiji kikikataa, kimekubali wizi, nasi tunapita. Huo ndio umoja, siyo wa kupanda ndege kwenda kula kuku. Piteni.

Mama yako anauliza utarudi lini.

Baba yako

Masaka, 20 Mei 1979

Baba, shikamoo.

Tulipita. Nduli amekimbia. Sasa tunalinda barabara za watu, maana hawana askari, na Umoja haukuleta hata mmoja. Likizo nimenyimwa. Mama anisubiri kidogo.

Mwanao

Lusahunga, 9 Septemba 1979

Mwanangu,

Nimeandika, hujibu. Salamu leo sina.

Redio ilisema Umoja umekutana, wengine wakatulaumu kwa kuvuka. Walisikia yowe wakakaa, leo wana midomo! Basi waje walinde wao, wakurudishe wewe. Nilisema piteni, na nitasema tena. Sikusema mkae.

Mama yako tumemzika Jumanne. Udongo wa kwanza ulikuwa wako, huna ndugu. Walinisihi autupe mwingine, nikakataa, nikawaambia gari la jeshi liko njiani. Kaburi likakaa wazi mpaka jua likazama. Nikautupa mimi.

Mtu asikwambie hatukukungoja. Muulize Kazimili, alisimama na sepetu mchana kutwa. Muulize katekista Bartholomayo, alimaliza sala akaanza upya.

Baba yako