Moyo Unaokimbia Bila Kufukuzwa

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimetoka tena darasani. Hesabu za sehemu, darasa la saba. Mfano wa pili ubaoni na chaki ikaanza kutetemeka. Moyo mbio. Vidole ganzi. Hewa inaingia, haitoshi. Nikajua nakufa. Nikaenda nyuma ya choo cha walimu, nikajikunyata kama kuku mwenye kideri mpaka ikapita.
Ofisini Mwalimu Tito akaniuliza, "Leo dada umekata roho saa ngapi? Tuweke kwenye ratiba." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Najichukia kwa kicheko kile.

Jumatano, 7 Agosti
Mwalimu mkuu ameniita. Hakupandisha sauti. Nimepewa muda mpaka mwisho wa mwezi. Nikiendelea kukimbia vipindi, anaandika wilayani kwamba sifai kufundisha.
Kazi hii ndiyo kitu pekee nilicho nacho ambacho hakuna ndugu aliyenipa.
Watoto wamebuni mchezo. Mmoja anashika kifua, anaanguka, wengine wanaomboleza. Wanaigiza vizuri. Hata macho wameyapatia.

Jumamosi, 10 Agosti
Shangazi Modesta amefika kutoka Inyonga. Ameleta asali na mfuko wa mizizi. Anasema nina pepo wa upande wa mama. Mabaya yote yanatoka upande wa mama. "Umesoma sana wewe, ila haya hukufundishwa." Kesho nafukizwa. Nimekubali. Ningekubali chochote.

Jumapili, 11 Agosti
Chungu kinachochemka katikati ya miguu. Blanketi mbili juu yangu. Shangazi na mama jirani wamekalia pindo. Mvuke, giza, hewa hakuna. Ikaja mbaya kuliko zote. Nikapiga kelele waniachie.
Hapo ndipo wanapokosea. Kwao, anayelia chini ya blanketi si mgonjwa. Ni pepo anaomba njia. Kwa hiyo wanakaza. Kadiri nilivyosihi ndivyo walivyomsemesha yeye. "Taja jina lako. Unataka nini kwa mtoto wetu?" Nikataja jina langu. Wakasema pepo huyu mwongo.
Nilipiga teke chungu. Paja la kulia limeungua. Shangazi ameridhika sana.

Jumanne, 13 Agosti
Hospitali, kwa ajili ya paja. Aliyenifunga kidonda anaitwa Sista Imelda, muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili. Msukuma, mnene, hatabasamu. Akauliza nimeunguaje. Nikamweleza yote, mpaka choo cha walimu. Nilieleza kama natoa somo. Akanipima moyo. Mzima.
Akasema ni ugonjwa wa wasiwasi. Sikupenda jina hilo. Dogo mno.
"Kwetu ng'ombe wakiibwa tunapiga mwano, yowe la hatari, kijiji kizima kinatoka na marungu. Mwili wako unapiga mwano na zizi limejaa. Kila ukikimbia, unauambia mwizi yupo kweli."
Anasema hofu hupanda, hufika kilele, hushuka yenyewe. Mimi sijawahi kungoja nikaona. Nirudi wiki ijayo, na nije na viatu vya chini.

Jumanne, 20 Agosti
Sista amenikimbiza. Mwalimu mzima, kuzunguka wodi, paja linauma. Mpaka moyo ukaja kooni.
"Simama. Umekufa?"
"Bado."
"Rudia."
Wagonjwa waliokaa kivulini walifurahi. Mmoja akawaambia wenzake, "Nyie, ndiye yule mwalimu kichaa." Sista alisikia. Hakunitetea.
Kisha tukakaa. Akataka nitaje ninachoogopa hasa. Nikasema kuanguka mbele ya darasa, watoto wanicheke.
"Wameshacheka. Kimebaki nini?"
Nilimchukia njia nzima mpaka mtaani kwetu Misunkumilo. Nilipofika nyumbani bado nilikuwa natafuta kilichobaki. Sijakipata.

Alhamisi, 29 Agosti
Mwalimu mkuu amekaa nyuma ya darasa, mikono kifuani.
Mfano wa tatu, ikaja. Nikaachia meza, kama Sista alivyoniagiza. Nisishike kitu. Nisitoke. Mvulana wa mbele akashika kifua chake, wenzake wakaguna. Nikamtazama tu. Ubao ulianza kuwa mweusi zaidi pembeni. Mlango ulikuwa wazi, hatua chache. Sijawahi kutamani kitu kama mlango ule. Nikaandika mfano wa nne. Tarakimu za mtoto wa chekechea.
Ikapanda. Ikakaa. Halafu ikashuka, bila mtu kuishusha.
Kengele. Mwalimu mkuu akainuka, akapangusa suruali. "Mwandiko wako mbaya," akasema, akatoka. Wilayani haandiki.

Jumamosi, 31 Agosti
Shangazi amerudi Inyonga. Mtaa mzima unajua mizizi yake imeniponya. Nilimwambia ni Sista. Akacheka. "Angemweza wapi pepo yule, kama mimi nisingemlegeza kwanza?"
Anaamini. Aliniunguza na ananipenda. Sijamsamehe. Nimembebea mzigo mpaka stendi.

Jumatatu, 2 Septemba
Asubuhi moyo umeanza tena, nikiwa uani napiga mswaki. Bila sababu. Sista hakuniahidi kwamba hautarudi.
Mama jirani akapita na ndoo kichwani. Tukasalimiana. Yeye hakuona kitu.
Nikaendelea na meno ya nyuma. Nikasukutua, nikatema, nikaingia ndani kuvaa viatu.