Mbegu ya Kibuyu Changu

Mbagala, Dar es Salaam

Mke wangu mpendwa, Mama Tumaini,

Yeye aliyetuunganisha madhabahuni akukute hapo Itaka katika amani. Je, magoti yamepunguza maumivu? Kahawa imeanza kuiva?

Mimi ningali kwa mwanetu Tumaini. Daktari ameeleza kwamba zile dawa kali za kidonda cha mguu ziliua vijidudu vibaya pamoja na bakteria wema wakaao utumboni. Ndiyo sababu ya gesi na kuharisha kusikokoma. Amenipa vidonge vyenye bakteria wema, akaagiza na chakula cha kuwalisha: maharage, ulezi, vitunguu. Kisha akauliza, "Mzee, kwenu hamgandishi maziwa?" Nikakikumbuka kibuyu changu, ambacho hukimalizi kamwe, bali hubakiza maziwa kidogo chini yawe mbegu ya kugandisha mapya.

Siku ileile binti yetu Neema akanipigia simu huku akicheka.

"Baba, rudi upesi! Mzee Nzunda naye tumbo lilimsumbua. Sasa kila asubuhi yuko barazani kwetu anakunywa mgando. Amenawiri! Anasema mkono wa Mama una baraka."

"Mgando wa kibuyu gani?"

"Kwani kipo kingine, Baba?"

Mama Tumaini, chakula kilinishinda. Najua Maandiko yanavyouhukumu wivu. Nimewafundisha hayo watoto wa kipaimara miaka mingi. Nzunda ni mzee mwenzangu wa kanisa, tena mgonjwa, na kumnyima ni dhambi. Lakini ni mgane, ana sauti nzito ya kwaya, na sasa ana afya! Mimi huku nameza vidonge, yeye huko anausifu mkono wako.

Nimeomba, nami nimeonyeshwa njia. Neema akipeleka mahindi Tunduma, amnunulie Nzunda kibuyu chake mwenyewe. Ukifukize vizuri, umtilie mbegu, aende nayo. Mbegu hiyo hugandisha maziwa popote, hata nyumbani kwake. Haihitaji baraza letu. Asisahau maharage, na tumbo likimrudia aende hospitali, si kwako. Umwambie kwa upole kwamba zawadi hiyo imetoka kwangu.

Nisalimie Neema, pia dada yangu anayetulindia shamba, na mchungaji wetu. Nzunda pia msalimie, ukiwa umesimama.

Na kibuyu changu, mke wangu, nibakizie chini. Naja kunywa.

Ni mimi mumeo katika Bwana,
Baba Tumaini