Nta Kwenye Waya wa Betri

Rafiki yangu Masanja,

Sikuandikii ili kukusifu. Sifa ulipewa za kutosha siku ya maziko. Nakuandikia kwa sababu umeniudhi.

Jumamosi iliyopita msalaba wa kaburi lako ulikuwa nyuma ya pikapu yangu, umefungwa kamba, mbele ya nyumba yenu ya Mtendeni. Mkeo, Mama Kulwa, alikuwa amekwisha kuketi ndani. Ndugu zako walikuwa makaburini Lusu pamoja na mchungaji, wakitungoja. Nikazungusha ufunguo. Tak. Nikarudia. Tak. Hatimaye Mama Kulwa akashuka, akalitazama gari, akasema, "Shemeji, kumbe wamekufa wawili." Majirani wakacheka. Mimi sikucheka.

Tumeahirisha hadi kesho. Ilikubaliwa kwamba gari lisipowaka, msalaba utapakiwa kwenye lori la mbao la jirani, na mimi nilikuahidi hospitalini kwamba nitaupeleka mwenyewe.

Wiki hii mafundi wamenizungusha vya kutosha. Wa kwanza hakufungua hata kisanduku cha fyuzi. "Mzee, betri hiyo," akasema, akaweka mpya. Tak. Wa pili akashusha stata, akaisafisha, akairudisha. Tak. "Mzee, gari hili limekula umri. Uza chuma chakavu." Hakuna aliyepima kitu. Wanakisia, wanabadilisha kifaa kizima, na ugonjwa wanauacha palepale.

Na wewe je? Miaka yote hiyo ya kunitengenezea gari hukuandika lolote. Nilikupa daftari la jalada gumu, ukachana kurasa zake kufungia karanga.

Jana asubuhi ndipo nilipokumbuka kauli yako: "Mwalimu, usiniambie unavyodhani. Washa taa kubwa, piga stata, uniambie taa zimefanya nini." Nikafanya hivyo. Taa zikafifia, karibu zizimike. Betri ni mpya, kwa hiyo umeme ulikuwa unakwama njiani. Nikaanza kugusa kiungio kimoja kimoja, nikitafuta chenye joto. Kabla mkono haujafika, pua ikafika. Harufu ya nta, kama ya karakana yako. Pale waya mnene wa betri unapofungwa kwenye chasi, nta ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika.

Nta hiyo niliipaka mimi, Masanja. Niliipaka siku moja kabla ya safari, nikitaka gari liwe tayari kwa ajili yako, kama ulivyokuwa ukikinga viungio visiingie kutu. Lakini wewe ulikuwa unasugua kwa msasa, unakaza chuma kwa chuma, ndipo unapaka juu. Mimi nilipaka kwanza, ndani kabisa, tena kwa ukarimu, kisha nikakaza. Niliuzibia umeme njia kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikawakemea mafundi wa watu. Nimekutazama ukiifanya kazi hiyo mara zisizo na idadi. Mimi, niliyewaadhibu wanafunzi kwa kutokuwa makini.

Ungesema tu, kaza kwanza. Labda ulisema. Labda nilikuwa nikikusahihisha matamshi.

Nimesugua, nimekaza, nimepaka. Injini ikawaka mara ya kwanza. Nikabaki nimeketi humo ndani muda mrefu nikiisikiliza, naogopa kuizima. Nilitaka kukuita uje usikie.

Basi, pumzika, ndugu yangu. Chini ya boneti nimeandika kwa rangi nyeupe: SUGUA, KAZA, NDIPO UPAKE. Kesho nitampitia mkeo baada ya chai, na msalaba wako utafika. Sitaegesha mteremkoni kama mtu mwenye mashaka, wala sitaacha injini ikiunguruma. Nitaizima kabisa hapo karibu nawe, mchungaji amalize sala zake kwa utulivu. Kisha nitazungusha ufunguo mara moja tu. Nawe usikilize.

Wako,
Mwalimu