Meza ya Karibu na Jiko

Dada mpendwa,

Mama alisema jana jioni kwamba hatahamia kwako. Nimeona nikuandikie kabla hujahangaika kuandaa chumba.

Sababu ni mgahawa ulio nyuma ya posta. Nilimpeleka mwezi uliopita kwa kumlazimisha. "Kwani mkono wangu umekatika mpaka nikapikiwe na watu?" alilalamika njia nzima. Nikamwambia aachane na menyu, amwulize mhudumu wapishi wenyewe wanakula nini siku hiyo. Akaletewa samaki wa mchuzi, akamaliza sahani.

Kwenye simu sikukueleza hili: tangu Baba afariki, Mama alikuwa anapika chakula cha watu wawili, anakifunika, kisha anampelekea jirani. Yeye mwenyewe alishindia chai. Nguo zilianza kumpwaya.

Siku ile mpishi alitoka jikoni. "Mama, umekipenda chakula?"

"Kizuri, ila kitunguu hakijaiva."

"Mbona wenzako wanakisifia?"

"Hao walikuja na njaa."

Wakabishana mpaka mhudumu akaja kumwita mpishi. Kesho yake Mama alirudi peke yake, akidai anakwenda kukagua kitunguu. Sasa huenda kila mchana, hukaa meza ya karibu na jiko ili wagombane vizuri, na anakula.

Tiketi uliyokata ya kuja kumchukua usiirudishe. Mama ameshamwambia mpishi kwamba Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa saba mchana, tutakuwa watatu.

Mdogo wako